Mwanafunzi wa Miaka 42

Mwishoni mwa muhula uliopita nilikaa ofisini nikisoma fomu ambazo wanafunzi hujaza kutathmini walimu wao. Nyingi zilikuwa na maneno ya heshima yasiyosema kitu. Moja, iliyoandikwa kwa mwandiko mdogo wa kalamu ya buluu, ilisema kwamba mwalimu huyu anajua mengi, ila karatasi anazosomea darasani ni zilezile alizomsomea dada yangu miaka saba iliyopita. Sikuweza kumkasirikia mwandishi wake. Karatasi hizo zimekwisha kugeuka rangi ya chai, nami nimezizoea kiasi kwamba naweza kuzisoma huku nikifikiria jambo jingine. Jioni ile sikusahihisha mitihani. Nilikaa sebuleni nikasikiliza wapiga dramu.

Wasomaji wangu wamezoea kunikuta nikiandika kuhusu bajeti, katiba na chaguzi, na najua baadhi yao watauliza bendi za Wazungu zina uhusiano gani na mambo ya jamii. Nawaomba subira. Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili mwenzangu wa bwenini aliniazima kanda kadhaa za kaseti za muziki uitwao roki ya progresivu. Maneno ya nyimbo zile sikuyafuata vizuri. Nilichokisikia ni ngoma, na tangu siku hiyo sijaacha kuzisikiliza.

Muziki huo ulizuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Vijana waliokua na nyimbo za Beatles, wakasikiliza jazi ya Marekani na okestra za Ulaya, waliona kwamba wimbo wa dakika 3 hauwatoshi. Oktoba 1969 bendi ya King Crimson ilitoa albamu yake ya kwanza. Yes, Genesis na Emerson, Lake & Palmer zilishika njia hiyohiyo, na kufikia 1972 halikuwa jambo la ajabu tena wimbo mmoja kujaza upande mzima wa santuri. Mashairi yake mengi yalihusu nyota, majitu na falme zilizopotea, na mengine yanachekesha bila kukusudia. Sitayatetea. Ninayetaka kumzungumzia ni yule aliyekaa nyuma kabisa ya jukwaa, akizungukwa na ngoma na matoazi, ambaye kazi yake ilikuwa ngumu kuliko za wenzake wote.

Ugumu huo tunaweza kuuelewa kwa masikio yetu wenyewe. Aliyelelewa na tenzi hana haja ya kuhesabu mizani 8. Mshororo ukipungukiwa na mizani moja, sikio hushtuka kabla akili haijajua sababu. Muziki wa roki nao una mazoea yake, nayo ni mapigo 4, ambayo mguu wa msikilizaji huyafuata bila kufundishwa. Wanamuziki wa progresivu waliyavunja mazoea hayo. Walitunga kwa mapigo 5, 7, 11, hata 13, wakahama kutoka kipimo kimoja hadi kingine ndani ya wimbo mmoja. Mpiga dramu alipewa mshororo unaochechemea akaambiwa aufanye utembee. Kuhesabu hadi 7 hakuhitaji kipaji. Kinachohitaji miaka ni kufika mahali ambapo huhesabu tena, na anayekusikiliza hajui kwamba kuna kilichopungua.

Tena anafanya hivyo kwa viungo vinne vinavyotenda mambo manne tofauti. Dramu tunayoiona leo jukwaani ni chombo kipya katika historia. Ilikamilika mwanzoni mwa karne ya 20 nchini Marekani, mafundi walipotengeneza pedali iliyomwezesha mtu mmoja aliyeketi kupiga ngoma kubwa kwa mguu huku mikono ikishughulika na ngoma nyingine. Kabla ya hapo bendi za gwaride ziliwahitaji watu wawili au watatu kwa kazi hiyo. Wamarekani weusi wa New Orleans, miongoni mwao Baby Dodds, ndio walioonyesha kwamba chombo hicho kinaweza kusema, si kupiga hatua tu. Naomba msomaji aliweke hili akilini, maana nitalirudia.

Kati ya wapiga dramu wa kizazi kile, wa kwanza kunivutia alikuwa Bill Bruford, Mwingereza aliyezaliwa 1949. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Yes, na mwaka 1972, walipokwisha kurekodi albamu ya Close to the Edge, aliondoka. Albamu hiyo iliuzwa sana pande zote mbili za Atlantiki, na fedha zilikuwa zinaanza kuingia. Yeye alihamia King Crimson, bendi isiyokuwa na uhakika wa kesho, kwa sababu alitaka kuwa mahali ambapo hajui la kufanya. Novemba 1973, katika onyesho la Amsterdam, wenzake walianza kutunga papohapo kipande cha taratibu cha fidla, besi na sauti za filimbi. Bruford alikaa akisubiri nafasi yake ya kuingia, ameshika vijiti vyake vimepishana kifuani, hadi kipande kikaisha bila yeye kupiga hata pigo moja. Kipande hicho, kilichoitwa Trio, kilitolewa mwaka uliofuata, na wenzake waliandika jina lake kama mtunzi mwenza, kwa hoja kwamba kunyamaza kwake kulikuwa mchango. Nimewahi kuhudhuria vikao vya kitaaluma vya saa nne ambavyo vingenufaika na mchango wa aina hiyo.

Bruford aliacha kupiga hadharani mwaka 2009, akaingia chuoni. Mwaka 2016, akiwa amevuka umri wa miaka 65, Chuo Kikuu cha Surrey kilimtunuku shahada ya uzamivu kwa utafiti kuhusu ubunifu wa wapiga dramu. Angeweza kupewa shahada ya heshima, kama wanavyopewa wanasiasa wetu. Aliitafuta ile ya kusomea.

Lakini aliyenikaa moyoni jioni ile ya fomu ni Neil Peart wa bendi ya Kanada iitwayo Rush. Alizaliwa Septemba 1952 katika jimbo la Ontario, mtoto wa muuza mashine za kilimo. Alipotimiza miaka 13 wazazi wake walimpa vijiti, kibao cha mpira cha kufanyia mazoezi na ada ya masomo, wakamwambia kwamba akidumu mwaka mzima watamnunulia ngoma zenyewe. Alidumu, nao wakatimiza ahadi. Akiwa na miaka 18 alikwenda London kutafuta bahati, akaishia kuuza vikorokoro vya watalii katika mtaa wa Carnaby. Akarudi kwao na kufanya kazi katika biashara ya baba yake. Julai 1974 alichukuliwa na Rush, na majuma mawili baadaye alikuwa Pittsburgh mbele ya watu zaidi ya elfu 10.

Hapa ndipo siasa inapoingia, na hapa ndipo nilipopata tabu naye kwa muda mrefu. Peart ndiye aliyekuwa akiandika maneno ya nyimbo za Rush, na katika ujana wake alikuwa amemsoma Ayn Rand, yule mwandishi wa Kimarekani mzaliwa wa Urusi aliyehubiri kwamba mtu hodari hadaiwi na yeyote, na kwamba jamii ni mzigo mabegani mwa wenye vipaji. Albamu ya 2112 ya mwaka 1976 ina hadithi ya kijana mmoja dhidi ya makuhani wa dola inayomiliki kila kitu, na Rand alishukuriwa kwa jina juu ya jalada. Mwaka 1978 gazeti moja la muziki la London liliwahusisha na ufashisti. Tuhuma hiyo ilikuwa ya kijinga, na ilimuumiza zaidi mwimbaji wao, Geddy Lee, ambaye wazazi wake walikuwa Wayahudi wa Poland walionusurika Auschwitz. Hata hivyo, falsafa yenyewe ilinikera, na bado inanikera. Sisi tulioiona miaka ya 1980 na jinsi zahanati na shule zilivyoachiwa kila mtu na mfuko wake, hatuhitaji riwaya ndefu kutueleza maana ya kutodaiana.

Upande wa pili walikuwapo vijana wa panki, ambao kuanzia 1976 waliishambulia roki ya progresivu kwa hoja ya kitabaka. Walisema kwamba mikamato mitatu ya gitaa inatosha kuanzisha bendi, na kwamba ufundi mwingi ni kiburi cha waliosoma shule ghali. Walikuwa na mahali pa kushika. Carl Palmer alizunguka dunia na seti ya ngoma za chuma cha pua zilizochongwa picha, na yapo maonyesho ya dramu ya miaka ile ambayo mtu angeweza kwenda kupika ugali akarudi yakiwa yanaendelea. Tena ni kweli kwamba baadhi ya wanabendi hao walitoka shule za wenye nacho. Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba ufundi ni mali ya mabwana ni kuruka mto bila daraja. Mtoto wa muuza matrekta hakurithi mikono yake. Aliipata kwa kupiga kibao cha mpira chumbani kwake mwaka mzima, pasipo ngoma, na wanaomwambia mtoto wa mkulima kwamba hana haja ya ustadi wanamnyang'anya kitu ambacho angeweza kukipata.

Kwa hiyo nilimpenda Peart kwa mikono yake na kumkataa kwa kichwa chake, nikaishi hivyo. Kufikia 1981, katika albamu ya Moving Pictures, alikuwa amefika mahali ambapo wapiga dramu wa nchi nyingi walikuwa wakimwiga pigo kwa pigo. Kipande kiitwacho YYZ kinaanza na alama za simu ya upepo zinazotangaza uwanja wa ndege wa Toronto. Rush waliokota mdundo huo wa mashine, wenye mapigo 5 yasiyokaa vizuri masikioni, wakaugeuza kuwa wimbo. Wasomaji wa majarida ya dramu walimchagua mwaka baada ya mwaka. Mtu wa namna hiyo huwa amekwisha. Kazi iliyobaki ni kulinda jina.

Mwaka 1991 alialikwa New York kupiga katika tamasha la kumkumbuka Buddy Rich, gwiji wa jazi aliyefariki 1987. Aliondoka bila kuridhika na upigaji wake. Miaka mitatu baadaye alisimamia kurekodiwa kwa albamu ya kumuenzi gwiji huyohuyo, akiwakusanya wapiga dramu wengi studio. Mmoja wao, Steve Smith, alikuwa fundi tangu zamani, lakini siku hiyo Peart alisikia kitu kingine kabisa, mtiririko ambao yeye hakuwa nao. Alimuuliza ameupata wapi. Smith akamtajia mwalimu wake, mzee Freddie Gruber, aliyekuwa rafiki wa Buddy Rich na ambaye nje ya duru za wapiga dramu hakuna aliyemjua.

Peart alikuwa na miaka 42. Alikuwa ameuza mamilioni ya santuri. Akaenda kwa Gruber kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Kwa maelezo ya Peart mwenyewe, mzee yule hakumfundisha midundo mipya. Alimfundisha kinachotokea kati ya pigo na pigo: njia ya kijiti kinapopaa, mkono unavyozunguka kabla ya kurudi, mwili unavyocheza badala ya kugonga. Peart alikuwa ameshika vijiti kwa namna moja mikono yote miwili tangu utotoni. Sasa akajifunza upya mshiko wa kale, ambao mkono wa kushoto unatazama juu na kijiti kinapita kati ya dole gumba na vidole, urithi wa askari waliokuwa wakitembea na ngoma imening'inia ubavuni. Akabadilisha mpangilio wa ngoma zake. Alirudi nyumbani akafanya mazoezi kila siku, akiwa mbaya zaidi kuliko alivyokuwa kabla, kwa sababu mkono uliozoea njia moja kwa miaka karibu 30 haukubali kwa hiari kupelekwa kwingine. Baadaye, kwenye nyimbo nzito, alirudia mshiko wake wa zamani, lakini upigaji haukuwa ule wa zamani. Na alipovuka miaka 50 alimwendea mwalimu mwingine, mpiga jazi Peter Erskine, akaanzishwa tena kwenye mambo ya msingi.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu nimejipinga nalo mwenyewe. Peart alikuwa tajiri. Angeweza kukaa mwaka bila mshahara akajifunza kushika kijiti. Mhadhiri mwenye wanafunzi 300, vikao vitatu kwa juma na ada za watoto hawezi kujifungia chumbani akatoka amebadilika. Ni kweli, na anayewataka walimu wajinoe bila kuwapa muda anataka nyama bila kuchinja. Hata hivyo nikiwa mkweli, si muda peke yake ulionizuia kuzitupa karatasi zangu. Ni ile aibu ya kuwa mbaya kwa kipindi fulani mbele ya watu waliozoea kukuona hodari. Utajiri haukumwondolea Peart aibu hiyo. Nadhani uliiongeza, maana waliokuwa wakimtazama walikuwa wengi zaidi. Nimemwomba mwenzangu mmoja wa idara yetu, aliyezaliwa mwaka niliohitimu shahada ya kwanza, aniruhusu nikae katika darasa lake la historia ya uchumi nione anavyolifundisha. Alidhani ninamkagua. Ilinibidi nirudie ombi mara mbili.

Na ile falsafa ya kutodaiwa? Sikilizeni maonyesho yake ya dramu ya miaka ya baadaye. Yapo mahali ambapo miguu inashika waltz ya mapigo matatu bila kusita, ikiendelea kuzunguka kama mtu asukaye ukili, huku mikono ikiwa huru kusimulia juu yake. Mtindo huo ni wa Max Roach, Mmarekani mweusi, katika kipande chake cha mwaka 1966 kiitwacho The Drum Also Waltzes, na Peart hakuwahi kuficha alikoutoa. Bruford naye alikirekodi kipande hichohicho katika miaka ya 1980. Wapiga dramu wawili wakubwa wa muziki uliodhaniwa kuwa wa Kiingereza kupindukia wanakutana kwenye miguu ya Roach.

Roach hakuwa mtu wa kila mmoja na lwake. Mwaka 1960 alitoa albamu ya We Insist!, iliyozungumzia utumwa na haki za Wamarekani weusi, na kipande chake cha mwisho, Tears for Johannesburg, kiliwalilia watu 69 waliouawa na polisi Sharpeville mwezi Machi mwaka huohuo. Mnaijeria Babatunde Olatunji alipiga ngoma humo. Kijana aliyemwimba mtu asiyedaiwa na yeyote alikuwa amebeba deni hilo miguuni mwake, akalilipa kila usiku hadharani. Sijui kama ndilo lililombadilisha, lakini mwaka 2012 aliliambia jarida moja la Marekani kwamba ufuasi wa Rand ulikuwa mambo ya ujana.

Yaliyompata kati ya hapo yanajulikana. Agosti 1997 binti yake wa pekee alifariki katika ajali ya gari, na Juni 1998 mkewe naye akafariki kwa saratani. Aliwaambia wenzake wamhesabu kuwa amestaafu, akapanda pikipiki na kuzunguka Amerika ya Kaskazini na ya Kati kiasi cha kilomita 88,000. Wenzake hawakutafuta mwingine. Walisubiri, na mwaka 2002 Rush wakatoa albamu mpya.

Alipofika miaka ya 60 mwili ulianza kukataa. Mabega yalimuuma, miguu ikavimba, na alikwisha kusema kwamba hatapiga siku ambayo hawezi kupiga ipasavyo. Onyesho la mwisho lilikuwa tarehe 1 Agosti 2015 katika ukumbi wa Forum, karibu na Los Angeles. Kwa miaka 41 alikuwa na desturi moja: wimbo wa mwisho ukiisha, alipunga mkono, akateremka nyuma ya ngoma zake na kutoweka, akiwaachia wawili wa mbele shangwe yote. Usiku huo alizunguka ngoma, akatembea hadi mbele ya jukwaa ambako hakuwahi kusimama kuaga, akawawekea wenzake wawili mikono mabegani, na wote watatu wakasimama hivyo wakiwatazama watu.